Mpaka Usiochorwa: Jenerali Mier y Terán na Nchi ya Texas

Tarehe 10 Novemba 1827 msafara ulitoka katika mji mkuu wa Meksiko na kushika njia ya kaskazini. Gari kubwa la farasi, lililotiwa nakshi ya fedha, lilimchukua mkuu wa msafara, Jenerali Manuel de Mier y Terán. Pamoja naye walikwenda watu ambao si kawaida kuonekana katika safari ya kijeshi: Rafael Chovell, mtaalamu wa madini, Jean Louis Berlandier, kijana aliyezaliwa karibu na Geneva, mjuzi wa mimea na wanyama, José María Sánchez, mchoraji wa ramani, na maafisa wawili wa kusaidia vipimo, Constantino Tarnava na José Batres. Askari walikuwapo, lakini walikuwa wa kuwalinda wenye kalamu.

Msafara huo uliitwa Tume ya Mipaka. Mwaka 1819 Hispania, iliyokuwa bado ikiitawala Meksiko, ilikubaliana na Marekani kwamba mpaka baina ya nchi zao utaufuata Mto Sabine, kisha Mto Red, na kuendelea magharibi hadi Bahari ya Pasifiki. Miaka miwili baadaye Meksiko ikajikomboa, na mpaka huo ikaurithi kama mtoto anavyorithi shamba la baba aliyefia safarini: jina la shamba analijua, vigingi vyake hajapata kuviona. Rais Guadalupe Victoria alimtaka Terán aende akaviweke. Alimtaka pia aitazame Texas yenyewe, mito na misitu yake, makabila yake, ngome zake, na zaidi ya yote wageni waliokuwa wamekwisha ingia.

Wageni hao waliingia kwa kukaribishwa. Texas ilikuwa pana na watu wake walikuwa wachache; Wakomanche walishambulia makazi watakavyo, na serikali changa haikuwa na fedha za kuweka jeshi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo walivyofikiri watawala wa Meksiko walipomruhusu Stephen Austin kuleta familia 300, kisha wengine baada yake. Sheria ya ukoloni ya jimbo la Coahuila na Texas ya mwaka 1825 ilimpa mfugaji mwenye familia eneo lipatalo hekta 1,800 kwa malipo madogo ya kulipwa polepole, ilhali Marekani kwenyewe ardhi ya serikali iliuzwa dola moja na robo kwa ekari, fedha taslimu. Mkulima mwenye madeni wa Tennessee au Alabama hakuhitaji kushawishiwa sana. Sharti lilikuwa awe raia wa Meksiko, afuate dini ya Katoliki na kuzitii sheria. Masharti hayo yalitiwa saini kwa wepesi, na kwa wepesi uleule yakasahauliwa.

Aliyetumwa kuitazama hali hiyo hakuwa askari wa kubahatika. Terán alizaliwa mji wa Mexico tarehe 18 Februari 1789, akasoma katika Chuo cha Madini, chuo kilichofundisha hesabu na kemia kuliko vyote katika Amerika ya Kihispania ya wakati ule. Alipohitimu mwaka 1811 vita vya uhuru vilikuwa vimekwisha anza, na elimu yake ya miamba na baruti ikamfanya afisa wa mizinga katika jeshi la waasi. Alipanda vyeo haraka. Hata hivyo, katika mwenendo wake wa miaka hiyo lipo doa lisilofutika: Desemba 1815, mjini Tehuacán, alilivunja Bunge la waasi lililokimbilia kwake kutafuta hifadhi. Watetezi wake husema wabunge wale walikuwa mzigo kwa jeshi lenye njaa. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyelifunga Bunge kwa amri ya kijeshi akiwa na miaka 26 alikuwa amejifunza mapema jinsi lilivyo jambo rahisi, na baadaye alikuja kuishi katika nchi ambamo kila jenerali alikuwa amejifunza somo lilelile. Mwanzoni mwa 1817 alisalimu amri kwa Wahispania, akakaa kimya hadi uhuru wa 1821. Akawa mbunge, kisha mwaka 1824 Waziri wa Vita kwa miezi michache, akajiuzulu kwa kutopatana na Rais. Miaka mitatu baadaye ni Rais yuleyule aliyempeleka mpakani.

Njiani, msafara ulifika Laredo tarehe 2 Februari 1828, na San Antonio tarehe 1 Machi. Hapo palikuwa bado Meksiko kwa lugha, kwa kanisa na kwa chakula. Lakini kila gari lilipozidi kwenda mashariki ndivyo nchi ilivyogeuka. San Felipe, kituo cha Austin, kilikuwa kijiji cha nyumba za magogo zilizotawanyika ovyo kando ya Mto Brazos, na walioongea Kihispania wakawa wa kuhesabika. Mvua za masika zilikuwa zimefurisha mito. Gari la nakshi lilizama katika matope na kuvunjika, vyombo vikaroa, homa ikawapiga watu wote. Kwenye Mto Trinity, mwishoni mwa Mei, Terán aliwarudisha wengi wao San Antonio, naye akaendelea na Sánchez na wachache wengine. Tarehe 3 Juni aliingia Nacogdoches, mji wa mwisho kabla ya mpaka.

Alikaa huko hadi Januari 1829, na kazi aliyoiendea hakuimaliza. Mkataba mpya wa kuuthibitisha mpaka wa 1819 ulikuwa umetiwa saini Januari 1828, lakini serikali mbili ziliuchelewesha, na haukupata kuwa sheria hadi 1832. Wajumbe wa Marekani waliopaswa kupima pamoja naye hawakuja. Jenerali alibaki na darubini zake katika mji wa mbao, akiungojea upande wa pili wa mstari. Alichokifanya katika kungojea huko ndicho kilichompa nafasi katika historia: alihesabu, aliuliza, aliandika. Shajara yake ya safari ilichapwa kwa Kiingereza mwaka 2000 katika chuo kikuu cha Texas, na aisomaye hukuta humo mtu wa sayansi anayeandika kina cha mto na aina ya udongo kwa makini, kisha ghafla, katikati ya vipimo, anashikwa na hofu.

Barua yake kwa Rais Victoria ya tarehe 30 Juni 1828 ndiyo mashuhuri kuliko zote. Alimweleza kwamba kutoka San Antonio hadi Nacogdoches athari ya Meksiko hupungua hatua kwa hatua, na mwisho hubaki kama si kitu. Katika mji ule kwa kila Mmeksiko mmoja palikuwa na wageni kumi. Wageni walikuwa na shule ya Kiingereza na waliwapeleka watoto wao kaskazini kuendelea na masomo. Wameksiko waliokuwapo walikuwa mafukara wasio na shule yoyote, na mgeni aliyewatazama hao tu aliihukumu Meksiko nzima kwa hali yao. Hakimu wa mji hakuzijua sheria alizotakiwa kuzisimamia, na watu wa kila aina, wakiwemo wakimbizi wa madeni na wa jinai, waliishi pamoja bila ya dola kuonekana. Alionya kwamba Texas yaweza kuitia nchi yote katika machafuko.

Uzito wa barua hiyo ni kwamba hakuwalaumu wageni peke yao. Aliona kuwa wengi walikuwa wachapakazi, na kwamba serikali iliyowaita haikuwapa mahakama, posta wala shule. Nchi iliyo mbali na mji mkuu kwa mwendo wa miezi haishikwi kwa hati. Baadaye alieleza namna Wamarekani wanavyozichukua nchi za jirani: hawaanzi kwa majeshi, bali kwa wapelelezi na wafanyabiashara na walowezi, kisha huja malalamiko, kisha madai ya kihistoria yasiyo na msingi, mathalan safari ya Mfaransa La Salle ya karne ya kumi na saba, mwisho huja mabalozi kutaka kununua kile ambacho tayari kimekaliwa. Lucas Alamán, waziri aliyesoma chuo kilekile cha madini, aliyachukua maelezo hayo akayapeleka Bungeni mapema mwaka 1830.

Na palikuwapo jambo jingine ambalo macho ya Terán hayakulikwepa. Walowezi walitaka kulima pamba, na pamba waliijua kwa mikono ya watumwa tu. Katiba ya jimbo ya mwaka 1827 ilitamka kwamba hakuna atakayezaliwa mtumwa, na kwamba baada ya miezi sita hakuna mtumwa atakayeingizwa. Jibu lilipatikana katika karatasi. Mei 1828 Bunge la jimbo lilizikubali hati za kazi zilizofungwa katika nchi za nje. Basi mtumwa aliletwa mbele ya karani kabla ya kuvushwa mpaka, akaambiwa kuwa yu huru, kisha akatiwa katika mkataba wa kumtumikia bwana wake hadi amalize kulipa thamani yake mwenyewe. Na ujira uliwekwa mdogo hata umri wa binadamu usitoshe kulimaliza deni. Neno “mtumwa” likaondoka, kazi ikabaki. Wanaofanya kazi ya kufasiri wanafahamu kwamba neno laweza kubadilishwa huku maana ikiachwa palepale. Ni nadra lakini kuona hila hiyo ikitendwa kwa ukatili namna hiyo.

Terán aliandika kwamba watumwa wa Texas wameanza kupata habari za sheria ya Meksiko, na kwa sababu hiyo wamekuwa hawatulii. Na mabwana zao, kwa kuliona hilo, wameizidisha nira. Alitaja kung'olewa meno, kuachiliwa mbwa, na viboko vya kuchuna ngozi, ambavyo kwa kipimo cha pale vilihesabiwa ni upole. Tarehe 15 Septemba 1829 Rais Vicente Guerrero, aliyekuwa mwenyewe na damu ya Kiafrika, aliufuta utumwa katika Meksiko yote. Kabla mwaka haujaisha Texas ilisamehewa amri hiyo. Serikali iliogopa uasi, na kwa kuogopa ikakubali kwamba ipo sehemu ya nchi ambamo sheria yake haifiki.

Mwaka huohuo Hispania ilijaribu kurudi. Wanajeshi wapatao 3,000 wakiongozwa na Isidro Barradas walitua karibu na Tampico. Terán alipigana nao chini ya Antonio López de Santa Anna, na wengi husema akili ya vita ile ilikuwa yake. Wahispania, waliokwisha dhoofishwa na homa ya manjano, walisalimu amri tarehe 11 Septemba. Santa Anna akaondoka na sifa zote, na Terán akapewa ukamanda mkuu wa majimbo ya mashariki, makao yake yakiwa Matamoros. Kwa maneno mengine, alirudishwa mpakani, safari hii si kutazama bali kutenda.

Sheria ya tarehe 6 Aprili 1830 ilimpa nyenzo, walau katika maandishi. Ilizuia Wamarekani kuhamia katika nchi inayopakana na yao, ikakataza kuingiza watumwa wapya (waliokuwapo ikawaacha katika minyororo yao), ikaamuru zijengwe ngome, na ikaahidi kuwasafirisha Wameksiko watakaokubali kuhamia Texas. Terán mwenyewe alitarajia zaidi hilo la mwisho. Aliamini kwamba watu hawazuiwi ila kwa watu wengine, na alitaka familia za Kimeksiko, hata za Uswisi na Ujerumani, ziwekwe baina ya walowezi. Makabila ya asili pia hakuyasahau: mwaka 1831 aliagiza Wacherokee wapewe hati za ardhi waliyokuwa wakiilima. Aliwaandikia magavana wa majimbo akiomba familia na askari. Familia hazikuja. Askari waliokuja walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa wafungwa waliotolewa gerezani.

Ngome lakini zilijengwa, na hapa mpenzi wa maneno ana la kusimama nalo. Ile ya ghuba ya Galveston, penye mlango wa Mto Trinity, aliipa jina Anáhuac, jina la kale la bonde la Meksiko katika lugha ya Kinahuatl, lenye maana ya mahali karibu na maji. Ile ya Mto Brazos aliiita Tenoxtitlán, jina la mji mkuu wa Waazteki ulioangushwa na Wahispania mwaka 1521, naye alitumaini kwamba siku moja utakuwa mji mkuu wa Texas. Ya Mto Nueces iliitwa Lipantitlán, yaani mahali pa Walipan: jina la kabila la Kiapache likavikwa kiishio cha Kinahuatl, neno ambalo hakuna aliyepata kulitamka kabla yake. Jenerali mwana wa Chuo cha Madini, mzao wa Wahispania, hakwenda kuchukua majina ya watakatifu wala ya mashujaa wa vita vyake. Alikwenda kuchimba lugha ya walioshindwa miaka 300 kabla, akaipanda katika ardhi ambayo Waazteki hawakuwahi kuitawala. Lilikuwa tendo la ushairi, na pia la mtu aliyekwisha ona kwamba hana kingine cha kupanda.

Anáhuac ndiko moto ulikoanzia. Kamanda wake, Juan Davis Bradburn, alizaliwa Virginia na kuingia Meksiko mwaka 1817 pamoja na jeshi la kuwasaidia wapigania uhuru. Akabaki, akawa afisa wa Meksiko. Watumwa waliotoroka Louisiana walipokimbilia ngomeni kwake, alikataa kuwarudisha. Mwenye kuwadai alimtafuta wakili, kijana aitwaye William Travis, na hila za Travis za kumtisha kamanda zilimfikisha kizuizini Mei 1832. Ushuru wa forodha nao ulikuwa umekwisha wachukiza walowezi. Mwezi Juni walishika silaha. Vitabu vya Texas vya zamani vilimchora Bradburn kama dhalimu, na uasi ule kama mwamko wa wapenda uhuru. Mara chache vilisimama kuuliza ni uhuru wa nani uliokuwa ukibishaniwa katika kesi ile ya kwanza.

Terán hakuweza kuwapelekea msaada wa maana, kwa kuwa Meksiko yenyewe ilikuwa ikipigana. Mapema mwaka 1832 Santa Anna aliasi dhidi ya serikali ya Bustamante, na Terán, aliyebaki upande wa serikali, alilazimika kuyageuza majeshi yake kuelekea Tampico kupigana na Wameksiko wenzake, mahali palepale aliposhinda na Santa Anna miaka mitatu kabla. Hakufaulu. Wakati huohuo wanasiasa wa pande zaidi ya moja walikuwa wakilitaja jina lake kwa urais. Yeye alikuwa mgonjwa, amechoka, na kila barua kutoka Texas ilimthibitishia yale aliyoyaandika mwaka 1828.

Mwishoni mwa Juni alikuwa Padilla, kijiji cha Tamaulipas. Hapo ndipo Agustín de Iturbide, aliyeitangaza nchi huru na kujifanya mfalme wake, alipopigwa risasi tarehe 19 Julai 1824, na Terán alilala katika nyumba ileile aliyolala Iturbide kabla ya kuuawa. Tarehe 2 Julai alimwandikia rafiki yake Alamán barua ndefu. Alimwambia kwamba Texas inapotea. Aliuliza vipi wataishika nchi ya mbali watu wasioweza kukubaliana baina yao wenyewe, na akajiuliza Texas itakuwaje. Jibu akamwachia Mungu. Asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Julai 1832, alivaa sare yake kamili, akaenda nyuma ya gofu la kanisa, na huko akajiua kwa upanga wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alizikwa katika kaburi la Iturbide.

Kabla ya mwaka kwisha askari wa Meksiko walikuwa wameondoka Anáhuac, Velasco, Nacogdoches na Tenoxtitlán. Mengine yanajulikana: Texas ilijitenga mwaka 1836, na katiba yake mpya ikauhalalisha utumwa kwa jina lake halisi, Travis akafa katika ngome ya Alamo mwaka huohuo, Marekani ikaitwaa Texas mwaka 1845, na vita vya 1846 hadi 1848 viliinyang'anya Meksiko karibu nusu ya ardhi yake. Mpaka ukashuka kutoka Mto Sabine hadi Rio Grande, na Matamoros, aliyoifanya Terán makao yake ili kuilinda nchi iliyo mbali upande wa kaskazini, ukawa wenyewe mji wa mpakani. Berlandier, yule kijana wa mimea, alibaki kuishi huko, akatibu wagonjwa na kukusanya majani, mpaka alipozama mwaka 1851 akijaribu kuvuka Mto San Fernando.

Katika majina ya Terán, Anahuac limesalia: ni mji mdogo wa Texas, makao makuu ya wilaya ya Chambers. Mifupa ya Iturbide ilihamishiwa mji mkuu mwaka 1838. Padilla ya kale ilifunikwa na maji mwaka 1971, bwawa kubwa lilipojengwa kuzuia mito ya pale, na wakaazi wake wakahamishiwa mji mpya. Bwawa hilo lilipewa jina la Vicente Guerrero. Miaka ya ukame, maji yanapopungua, kuta za kanisa huonekana tena.